Kiti Nilichomnunulia Bibi

Kiti chenyewe ni cha mninga, kina mikono mipana na egemeo lililochongwa nyota moja katikati. Nilikiagiza kwa seremala mmoja wa Ngamiani, Tanga mjini, mwaka 1986, nikiwa na mwaka wa tano kazini, na kikasafiri hadi Pangani juu ya keria ya basi, kimefungwa kamba ya katani, miguu juu kama mbuzi aliyechinjwa. Kutoka stendi hadi nyumbani kwa bibi kilibebwa kichwani na kijana mmoja, watoto wa mtaa nyuma yake kama wanasindikiza harusi. Kwa miaka mingi siku ile niliihesabu miongoni mwa siku zangu njema. Sasa nikiikumbuka hujikuta natazama pembeni.

Bibi ndiye aliyenilea. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na ushei, na magoti yalimsumbua tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alfajiri akiteremka kitandani alisimama kwanza ameshika nguzo ya kitanda, akisubiri miguu imkubali. Birika likianza kuchemka, naye ameshaanza kutembea. Akishakunywa chai na muhogo, huyo, anateremka mtoni, anavuka na pantoni hadi Bweni, anapanda kile kilima mpaka kwenye shamba lake la minazi. Adhuhuri karudi, na kuni kichwani. Alasiri yuko juu ya mbuzi, kibao chini kabisa, magoti kayakunja, anakuna nazi. Akiinuka maungo yanalia ka-ka-ka, sisi tulioko uani tunasikia.

"Yanasalimiana hayo," alikuwa akisema. "Yalikuwa hayajaonana."

Mimi nilikuwa mwalimu wa Sayansi, nimetoka chuoni juzi, na kila nilichokiona nilikiona na chaki mkononi. Goti nililielewa kama bawaba ya mlango: kila ukifungua na kufunga inalika kidogo, basi ukitaka idumu, usiifungue. Nikamwambia, "Bibi, sasa basi. Umeshafanya kazi ya kutosha. Kaa." Nikamwajiri kijana wa kwenda Bweni. Nazi zikawa zinakunwa na binti wa jirani, maji yanaletwa mlangoni, sokoni anatumwa mtoto. Kiti kikawekwa barazani, penye upepo. Mtaa mzima ukanisifu: mjukuu ndiye huyu! Bibi mwenyewe alicheka, akanitania kwa ule utani wa bibi na mjukuu wa kike. "Mke mwenzangu kanitawisha," aliwaambia wageni. "Ujanani sikutawishwa, nimekuja kutawishwa uzeeni."

Miezi ya kwanza maumivu yalipungua kweli, nami nikajiona daktari. Mwaka wa pili mapaja yalikuwa yamenywea, khanga inampwaya. Mwaka wa tatu akahitaji mtu wa kumwinua. Alifariki mwaka 1991. Magoti siyo yaliyomwua, ila miaka yake miwili ya mwisho mto aliujua kwa masikio tu. Pantoni ikiunguruma kuondoka, aligeuza uso upande ule, kisha akaurudisha.

Hatukusema tumemkalisha. Tulisema baridi yabisi imemzidi.

Jina hilo nimelifikiria sana tangu nistaafu. Ni jina la tiba ya kale, ile ya Wayunani iliyotufikia kwa mikono ya Waarabu, iliyougawa mwili kwa moto na baridi, kwa yabisi na rutuba. Ugonjwa ukiwa wa baridi na ukavu, dawa yake joto na mafuta. Ndiyo maana bibi alivaa soksi Pangani, mji ambao hata Julai, kusi inapovuma, mtu hulala na shuka moja. Alichuliwa kwa mafuta ya nyonyo, aliumikwa, alikatazwa kuoga maji ya mtungi. Sidharau. Akishachuliwa alilala usingizi ambao vidonge havikumpa. Tatizo ni kwamba jina moja lilifunika maradhi chungu nzima.

Mtaani petu alikuwako mzee, mtu wa nyama na ulabu, ambaye kidole gumba cha mguu kilivimba usiku mmoja hadi akalia shuka likimgusa. Lile lilikuwa jongo: asidi ya yuriki imezidi kwenye damu, imegeuka fuwele ndani ya kiungo, kali kama chupa iliyosagwa. Alikuwako mama wa miaka thelathini na kitu, vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwa pamoja, asubuhi hawezi kufunga kifungo cha gauni la mtoto mpaka jua lipande. Huyo kinga ya mwili wake ilikuwa inaushambulia utando wa viungo vyake mwenyewe, na ugonjwa huo hauna subira: kila mwezi unaopita bila dawa yake unaacha hasara isiyorudi. Alikuwako kijana wa selimundu akichechemea nyonga, kwa kuwa damu yake ilishindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa ndani kwa ndani. Wote watatu waliambiwa wajipake mafuta na wasioge maji baridi.

Na mwalimu mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Newala, alikuwa akitusimulia ofisini habari za homa iliyowakunja watu wa uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953. Madaktari wa Kiingereza waliifuata huko, wakaiandika mwaka 1955, na leo dunia nzima inaiita kwa neno lililotoka katika Kimakonde, lenye maana ya kukunjamana: chikungunya. Virusi vyake huletwa na mbu. Homa huisha kwa siku chache, viungo vikaendelea kuuma kwa miezi, na kwa wengine miaka. Watu wa Lamu na Mombasa waliionja mwaka 2004. Mwenzangu yule alijivunia neno la kwao kufika mbali kiasi hicho, halafu akikumbuka neno lenyewe lina maana gani anacheka na kunyamaza. Nilimuuliza mamake, aliyeugua wakati ule, aliambiwa ana nini. Baridi yabisi.

Ya bibi, nijuavyo leo, ilikuwa ya kawaida kuliko zote hizo. Gegedu linalika, mfupa ulio chini yake unakomaa na kuota vijipembe, utando wa kiungo unavimba mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nayo, wengi wao wanawake, wengi wamevuka miaka 55. Mitaani tunasema magoti yamesagika.

Yangu mimi haikungoja uzee. Yangu nailaumu alasiri moja ya mwaka 1978.

Nilikuwa kidato cha nne, kilo 49, mfungaji wa timu ya netiboli ya shule. Uwanja ulikuwa wa udongo, mistari ya majivu. Netiboli ni mchezo katili kwa goti, na ukatili wenyewe umo ndani ya sheria: ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Mwili mzima uliokuwa ukienda mbio lazima usimame papo hapo, mara nyingi kwa mguu mmoja, na una sekunde tatu tu za kuutoa mpira. Nilidaka juu, nikatua na mguu wa kulia, mguu ukabaki palepale, kiwiliwili kikaendelea na safari. Nikasikia kitu kikikatika ndani, kama kijiti kimevunjwa chini ya blanketi. Kabla ya filimbi ya mwisho goti lilikuwa limevimba kama danzi. Mwalimu wa michezo alilivutavuta, akalifunga kitambaa. Baada ya wiki tatu nikarudi uwanjani, tukachukua kikombe.

Simlaumu. Uvimbe uliisha, nikaruka tena, nani angejua? Leo najua kwamba ndani ya goti kuna kano inayouzuia mguu usiteleze mbele, na vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la hilali vinavyotua mishindo, na kwamba kati ya watu waliokatika kano hiyo au kuchanika hilali moja, karibu nusu yao baada ya miaka 10 hadi 20 wanakutwa na gegedu lililokwisha. Na gegedu halisemi. Halina neva hata moja, wala mshipa wa damu. Ni ganda jeupe linaloteleza kuliko barafu, unene wake milimita chache tu, na sehemu yake kubwa ni maji. Linaweza kulika robo karne nzima nawe unacheza vidumbaki kwenye harusi za watu. Siku unaposikia maumivu, kinacholia ni majirani zake, mfupa na utando, lenyewe limeshakwenda. Mwaka 1743 daktari wa Kiskoti aliyekuwa London, William Hunter, aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi, tena akalisema kama jambo ambalo waganga walikuwa wakilijua tangu kale. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye mimi nilikuwa nafundisha darasani kana kwamba ni kifuniko cha kalamu, ukipoteza unapewa kingine.

Goti lilianza kuniongelesha mwaka 2003, kwenye ngazi za shule. Kushuka ndiko kulikouma kuliko kupanda, jambo lililoniudhi, kwa sababu kushuka nilikuona ni bure. Zile kilo 49 zilikuwa zimefika 88. Zilikuja polepole na chapati za saa nne asubuhi, kila mwaka zikiingia kidogo, kama mgeni anayehamia kwa kuleta begi mojamoja. Duka la dawa lilikuwa njiani. Sikuandikiwa na mtu, nilikuwa nasema tu "nipe diklofenaki," na muuzaji anakata karatasi ya vidonge kwa mkasi. Nilivimeza hivyo miaka kumi na moja, si kila siku lakini siku nyingi, mara nyingine tumboni hamna kitu zaidi ya chai. Mwaka 2014 choo kikawa cheusi kama lami. Vidonda vya tumbo. Daktari aliyenilaza alishangaa kwamba figo zilikuwa bado zinafanya kazi.

Nikahamia kwenye vyakula. Magoti yameisha ute, nikaambiwa, basi tafuta kinachoteleza. Nikaloweka bamia usiku kucha, nikawa nakunywa maji yake asubuhi huku nimefumba macho. Nikanywa supu ya makongoro mpaka nikaongeza kilo nyingine mbili. Binamu yangu aliyeko Muscat akawa ananiletea makopo ya glukosamini kila anapokuja likizo, makubwa, yenye picha ya mtu anayekimbia ufukweni. Nilikuja kujua baadaye kwamba Wamarekani walikuwa wameshayapima makopo ya namna hiyo kwa wagonjwa 1,583, na mwaka 2006 wakatoa jibu kwamba kwa jumla hayakushinda vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Sikumwambia binamu. Alikuwa analipia uzito wa mizigo.

Bamia, nijuavyo, huingia tumboni ikameng'enywa kama mboga nyingine yoyote. Haina njia ya siri ya kwenda gotini. Lakini nakiri niliikosa nilipoiacha, maana ilinipa kitu cha kufanya alfajiri.

Mwaka 2015 nilipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kijana akasimama aliponiona.

"Shikamoo mwalimu. Ulinifundisha darasa la tano."

Akaniketisha, akalipapasa goti, akatazama picha ya eksirei ambayo nafasi kati ya mifupa ilikuwa imebaki mstari tu upande wa ndani. Kisha akaanza kughani kwa sauti ya darasani, "Gegedu huzuia mifupa isisuguane." Sentensi yangu mwenyewe. Niliiandika ubaoni kila mwaka.

"Sasa mwalimu," akasema, "gegedu halina damu. Linakula nini?"

Miaka thelathini na zaidi ya kufundisha sikuwahi kujiuliza. Nikanyamaza kama mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani.

Alinieleza kwa maneno ya kitabu, lakini mimi nilichokiona ni kifumbu. Machicha ya nazi yaliyomo ndani ya kifumbu ukiyakamua yanatoa tui, ukiyaachia na kuyatia maji yanakunywa tena, ukikamua unapata tui la pili. Gegedu ndivyo linavyoishi. Ukikanyaga linakamuliwa, uchafu unatoka, ukiinua mguu linanyonya ute wa kiungo pamoja na chakula kilichomo. Hatua kwa hatua, kamua achia, kamua achia. Mtu asiyetembea gegedu lake linashinda njaa. Na misuli ya paja ndiyo inayopokea mshindo kabla haujafika gotini. Ikinywea, mshindo wote unashuka mfupani.

Nilitoka pale nikakaa kituo cha daladala, magari matatu yakanipita. Nilikuwa namwona bibi anateremka mtoni asubuhi.

Nikiwa mkweli, sikukosea kila kitu. Ile mbuzi nilivyomwondolea huenda nilimsaidia. Watafiti waliowapima wazee wa Beijing waliwakuta wanawake wa kule magoti yao yamelika kuliko ya wanawake wa Kimarekani, ingawa ni wembamba kuliko wao, na wakaoanisha jambo hilo na saa nyingi za kuchuchumaa ujanani. Goti lililokunjwa mpaka mwisho, tena na mzigo, linabeba shinikizo kubwa. Ningemnunulia mbuzi ya juu, au ningemwekea meza, ningempunguzia kuni, na ningemwachia njia yake ya Bweni, ile aliyoipita kila siku kwa mwendo wake mwenyewe. Mimi nilichukua vyote kwa mkupuo, kwa sababu vyote niliviita kazi.

Kijana yule aliniambia pia habari ya uzito, kwa adabu, akiangalia dirishani. Kilo moja ikikutoka, kila hatua goti linapunguziwa kama kilo nne. Nimeshatoa tisa. Akasema nikizidiwa ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wanabadilisha goti, wanaweka la chuma na plastiki. Bado sijazidiwa.

Ni yeye tena aliyenitumia kwenye simu habari ambayo imenikaa kuliko zote. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani, na hewa ya dunia nzima ikaongezeka kaboni ya aina adimu, kaboni 14. Ikaingia kwenye majani, kwenye chakula, na kwenye miili ya watoto wote waliokuwa wakikua. Kwa alama hiyo watafiti wa Copenhagen waliweza kukisia umri wa nyuzinyuzi za kolajeni zinazolishikilia gegedu la goti, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba ni zilezile zilizofumwa mtu akiwa mdogo. Ukishakomaa, hakuna mfumaji tena. Zinazokatika zimekatika.

Mimi nilizaliwa mwaka 1961. Kwa hesabu hiyo, kile kidogo kilichobaki gotini mwangu kilifumwa Pangani, kwa muhogo wa Bweni na dagaa na tui la nazi zilizokunwa chini pale uani. Alinifumia bibi. Nami nikapeleka nusu yake uwanja wa netiboli, na nyingine nikaielemeza chapati.

Kiti ninacho mimi, barazani kwangu hapa Tanga. Baada ya msiba hakuna aliyekitaka. Watoto walikiona kizito, na mimi niliona vibaya kukiuza. Zoezi langu kubwa kati ya yale niliyopewa ni la kukaa na kusimama bila kushika mikono ya kiti, mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Kijana aliniuliza nyumbani nina kiti imara. Nikasema ninacho.

Shida ni kwamba seremala alikitengeneza kwa kimo cha bibi, aliyekuwa mfupi, na kuinuka kutoka chini vile ni kazi. Kwa hiyo nilianza na doti tatu za khanga zilizokunjwa juu yake, na kila paja likipata nguvu natoa moja. Ilichukua miezi. Baadaye niliugua nikazirudisha zote, nikaanza upya. Jumamosi iliyopita nilitoa ya mwisho, nikakaa juu ya mbao tupu, mgongo wangu ukigusa ile nyota. Nikafunga mikono kifuani kama nilivyofundishwa, nikainama mbele, nikainuka. Moja. Maungo yakalia ka-ka-ka, binti wa jirani akageuka kutazama. Nikayaacha yasalimiane, nikakaa tena.